UZI: Kipima umbali cha leza kwa uwindaji, usinunue namba iliyoandikwa kwenye boksi

Mleta uzi:

Wanajamvi, habari za wakati huu.

Nimekuwa nikiulizwa mara kwa mara, hasa na vijana wanaojiandaa kuwa wawindaji bingwa na wakazi wanaowinda kwa kibali, ni kipima umbali kipi cha leza mtu anunue asije akajuta. Kila ninapojibu kwa ufupi najikuta nimetaja jina la kampuni na bei, na muulizaji anaondoka akidhani amepata jibu, kumbe hajalipata. Nimeona niliandike jambo hili kwa kirefu, nieleze ninachokitazama mimi kabla ya kutoa fedha, ili kila mmoja aweze kukihukumu kifaa chochote kitakachowekwa mbele yake, kiwe cha laki mbili au cha milioni tano.

Nianze na siku iliyonifundisha. Tulikuwa kwenye kitalu kimoja cha uwindaji magharibi mwa Tanzania, mwezi wa tisa, jua limeanza kushuka. Mgeni alikuwa anatafuta kuro dume, naye alisimama ukingoni mwa mbuga, ubavu wake wote ukiwa wazi, kati yetu na yeye pakiwa na nyasi ndefu zilizokauka. Nilitoa kipima umbali changu, wakati huo kikiwa bado kipya, nikabonyeza. Kikasoma 141. Nikabonyeza tena kwa uhakika, kikasoma 143. Nikamnong'oneza mgeni kwamba ni mita 140, naye akalenga katikati ya bega kama nilivyomwambia, kwa sababu bunduki yake ya .30-06 ilikuwa imesawazishwa kwa mita 100 (yaani kwa mita 100 risasi hugonga palepale unapolenga) na kwa mita 140 risasi hushuka sentimita chache tu.

Baadaye nilihesabu hatua hadi mahali alipokuwa amesimama yule kuro, na zilikuwa karibu mita 260. Kifaa kilikuwa kimesoma kishungi cha nyasi kilichosimama katikati ya njia. Kwa mita 260, risasi ile inakuwa imeshuka karibu sentimita 30, na ndivyo ilivyokuwa: ilipita chini ya kifua na kuvunja mguu wa mbele. Tulifuata damu mpaka giza likatuzuia, tukarudi alfajiri, tukampata saa nne asubuhi akiwa bado hai, amelala chini ya mti na mguu umekunjwa vibaya. Mfuata nyayo wetu, mtu mzima ambaye kwa kawaida huongea sana, hakunisemesha njia nzima ya kurudi kwenye gari. Alikuwa na haki.

Tangu siku hiyo neno "kuaminika" lina maana moja tu kwangu. Kifaa cha kuaminika kinapokosa uhakika hukataa kusoma. Kikikuonyesha vistari vitupu, utasogea karibu au utamwacha mnyama aende zake. Kikikupa namba ya uongo kwa ujasiri, utapiga. Kwa hiyo sianzi kuuliza kifaa kinafika mbali kiasi gani. Nauliza kwanza kinakosea namna gani.

Tuangalie kinavyofanya kazi. Kipima umbali hutuma mapigo mafupi ya mwanga usioonekana kwa macho, kwa vifaa vingi vya kuwindia ukiwa na urefu wa wimbi wa nanomita 905, kisha hupima muda ambao mwanga huo umetumia kwenda na kurudi. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kwa mnyama aliyesimama mita 150 safari ya kwenda na kurudi huchukua takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde. Saa iliyomo ndani ya kifaa ina uwezo wa kupima muda huo, na karibu kila mtengenezaji huahidi kosa lisilozidi mita moja hivi. Ahadi hiyo kwa kawaida ni ya kweli, ila inahusu kile kitu ambacho mwanga umekigonga, na kazi ya kujua ni kitu gani umekigonga imebaki kwako na kwa busara ya programu iliyomo ndani.

Hapa ndipo namba ya kwenye boksi inapowapoteza watu. Namba kubwa iliyoandikwa kwa nje ni ya shabaha inayoakisi mwanga vizuri, yaani kitu kama kibao cha barabarani. Mnyama si kibao. Manyoya hutawanya mwanga na kuunyonya, na ngozi nyeusi iliyolowa tope, kama ya nyati aliyetoka kugaagaa, hurudisha kidogo sana. Watengenezaji waaminifu huandika ndani ya kijitabu namba ya pili, ya mnyama wa ukubwa wa kulungu (yule Wamarekani wanayemwita deer), na hiyo mara nyingi ni nusu ya ile ya kwanza. Ranger 1800 ya Vortex, kwa mfano, imetajwa kusoma yadi 1,800 kwa shabaha inayoakisi na yadi 900 kwa kulungu. Mimi huikata nusu hiyo kwa nusu tena, kwa sababu ya jua la mchana, vumbi, na moshi wa nyasi zinazochomwa wakati wa kiangazi, na kinachobaki ndicho ninachokihesabu kuwa uwezo halisi. Kwa kifaa hicho nabaki na yadi 450, yaani mita 400 na kidogo, na ndugu zangu, katika misitu yetu ya miombo sioni sababu ya mtu kutaka zaidi ya hapo. Kama kijitabu hakina kabisa namba ya mnyama, mimi hurudisha kifaa kwenye boksi lake.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko yote, ni namna kifaa kinavyochagua pale mwanga unaporudi kutoka sehemu zaidi ya moja. Vifaa vya gofu vimetengenezwa kuchagua kitu cha karibu zaidi, kwa sababu mchezaji anataka kijiti cha bendera, si miti iliyo nyuma yake. Mwindaji anataka kinyume chake: nyasi na vijiti vya mbele vipuuzwe, kisomwe kilicho nyuma. Vifaa vizuri vya kuwindia vina mpangilio huo wa kusoma cha mbali, na vingine hukuruhusu kubadilisha. Kifaa changu cha siku ile kilikuwa kimewekwa kwenye mpangilio wa karibu tangu dukani, nami sikuwa nimesoma kijitabu chake. Hilo lilikuwa kosa langu.

Lakini mpangilio wa mbali nao una mtego wake. Mnyama akisimama mbele ya mstari wa miti, mwale ukimpita kidogo juu ya mgongo, utapewa umbali wa miti. Kwa hiyo sisomi mnyama peke yake. Nasoma mwili wake, nasoma kichuguu au shina lililo sawa naye, halafu nasoma kilicho nyuma yake. Namba mbili za kwanza zikikubaliana na ya tatu ikiwa kubwa zaidi, naamini. Zikigombana, tunasogea.

Upana wa mwale unakwenda pamoja na hilo. Mwale wa leza haubaki mwembamba. Hutanuka kadiri unavyokwenda, na kutanuka huko hupimwa kwa miliradiani. Miliradiani moja ni sentimita 10 kwa mita 100, hivyo mwale wa miliradiani mbili ukifika mita 300 una upana wa sentimita 60, na kifua cha swala pala hakifiki hapo. Sehemu ya mwale inayobaki inagonga nini? Majani, ardhi, chochote. Mwale mwembamba hukupa nafasi ya kuupitisha kwenye upenyo wa vichaka, ingawa unakudai mkono uliotulia. Mara nyingi mwale ni wa mstatili, na ni vizuri kujua upande upi ni mrefu.

Kuhusu maandishi yanayoonekana ndani ya lenzi, kuna ya rangi nyeusi na kuna yanayowaka, mengi yakiwa mekundu. Mchana yale meusi husomeka vizuri kabisa, lakini saa kumi na mbili jioni, ukimlenga mnyama wa rangi ya kahawia aliye kivulini, namba nyeusi inapotea kabisa machoni. Yanayowaka yanafaa saa hiyo, mradi ukali wake uweze kupunguzwa, la sivyo yatakupofusha usimwone mnyama mwenyewe. Dukani, chini ya taa, huwezi kuliona tatizo hili, na ndiyo maana nasisitiza kwamba kifaa kijaribiwe jioni.

Betri: vingi vinatumia betri ndogo ya CR2 ya volti 3. Dar es Salaam na Arusha unaweza kuipata kwenye maduka ya kamera. Ukishafika Mpanda ukagundua imekufa, utahangaika. Mimi hubeba tatu, moja ikiwa kwenye mfuko wa shati, na nyingine hazikai kamwe ndani ya gari linalochemka juani. Siku hizi viko vya kuchajiwa kwa waya kama simu, na kwa kambi yenye sola ni nafuu kubwa, ila chaji ikikwisha porini huna cha kubadilisha.

Kinga ya maji iwe ya IPX7, yaani kifaa kiweze kuzama mita moja kwa nusu saa bila kuingiwa na maji. Hatuogelei navyo, lakini umande wa alfajiri kwenye nyasi ndefu unalowesha suruali mpaka kiunoni na mifuko yake yote, na vumbi la barabara za vitalu linaingia kila mahali ambapo maji yangeingia.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mchangiaji kutoka Dodoma:

Asante sana mkuu kwa somo hili. Nina maswali mawili. Kwanza, kuna kipima umbali cha gofu ambacho kinauzwa mtandaoni kwa laki mbili na nusu, kimeandikwa mita 600. Je, kwa mtu anayewinda swala na ngiri tu, hakitoshi? Pili, fundi wangu wa ujenzi ana kile kipimo cha leza cha kupimia vyumba, chenye nukta nyekundu, na kinapima kwa milimita kabisa. Kwa nini hicho kisitumike porini, wakati usahihi wake ni mkubwa kuliko hivi vyenu?

Mleta uzi:

Mkuu, nianze na la fundi. Kile kipimo kimetengenezwa kwa ukuta ulio karibu na ndani ya nyumba, na uwezo wake kwa kawaida huishia kwenye makumi ya mita hadi mia moja hivi. Hutumia nukta unayoiona kwa macho, na juani nukta hiyo inapotea hata kwenye ukuta mweupe wa mita 20, sembuse kwenye mgongo wa ngiri. Usahihi wa milimita hauna kazi kwetu. Mwindaji hahitaji kujua kama ni mita 182 na sentimita ngapi. Anahitaji kujua kwamba si 120 na si 250.

Cha gofu kinaweza kutosha kwa sharti moja, nalo ni kwamba kiwe na mpangilio wa kuwindia unaosoma cha mbali, na viko vyenye yote mawili. Kama hakina, usikinunue hata kikiwa bei ya bure, kwa sababu nchi yetu ni ya nyasi na vichaka na kifaa cha aina hiyo kitafanya kilekile kilichonipata mimi. Hizo mita 600 zichukulie kuwa ni za kibao. Kwa swala, tegemea 300 asubuhi kwenye kivuli, na pengine 150 jua likiwa kichwani.

Mchangiaji aliye Montana, Marekani:

Nawasalimu nyumbani. Mimi huwinda kulungu na elki huku milimani, na ningependa kuongeza mambo mawili ambayo mleta uzi ameyapita.

La kwanza ni vipimo. Vifaa vingi vinavyouzwa Marekani hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa kwa yadi, na yadi moja ni mita 0.9144 tu. Namba 300 ikiwa ni yadi, umbali wa kweli ni mita 274. Kwa wenzetu mnaowaongoza wageni kutoka huku jambo hili si dogo hata kidogo, kwa kuwa mgeni ana jedwali la risasi zake kwa yadi, limebandikwa kwenye kitako cha bunduki, nawe unamsomea kwa mita. Kubalianeni kambini, siku ya kwanza, mtatumia kipimo gani, na vifaa vyote viwekwe hivyo hivyo. Ndani ya lenzi kuna herufi ndogo sana, Y au M, na ukiwa na haraka hutaiona.

La pili ni mteremko. Mvuto wa dunia huivuta risasi kulingana na umbali wa mlalo, si ule wa mshazari. Nikiwa juu ya korongo na mnyama yuko chini kwa pembe ya nyuzi 30, kifaa kikisoma mita 300, umbali wa kulengea ni kama 260. Kifaa chenye kipima pembe hufanya hesabu hiyo chenyewe na kukuonyesha namba zote mbili. Huku milimani siwezi kuwinda bila hicho.

Mleta uzi:

Asante sana ndugu yangu, hilo la yadi nililipita kwa kusahau, na nimewahi kuona mgeni na kiongozi wake wakibishana, bunduki ikiwa tayari imeegemezwa kwenye fito za kulengea, huku mnyama akiondoka. Kuhusu pembe, nililipita makusudi. Vitalu vingi vya magharibi ni tambarare, na hata kwenye kilima cha nyuzi 15, mita 200 zinakuwa 193, tofauti ambayo risasi haiijui. Kwa anayewinda kwenye miinuko, au kwa upinde akiwa juu ya mti, ningemshauri alipie. Kwa mtu wa mbugani, fedha hiyo aiweke kwenye lenzi nzuri.

Mzee mmoja wa jukwaa, mwindaji mstaafu:

Nimesoma yote kwa utulivu. Sisi tulianza kazi hii bila vyombo hivyo, na wanyama waliojeruhiwa hawakuwa wengi kuliko wa leo. Tulifundishwa kukata umbali kwa jicho: unachukua urefu unaoujua, unauhesabu mara ngapi mpaka kwa mnyama, na usipokuwa na hakika, unatambaa. Hofu yangu ni kwamba chombo hiki kimewapa watu ujasiri wa kupiga mita 350 ambapo zamani wangesogea mpaka 120. Mnyama hapigi hatua moja tu kati ya kubonyeza kitufe na kufyatua risasi? Upepo je, chombo kinaupima? Vijana wajifunze kwanza kutambaa.

Mleta uzi:

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, na nashukuru umesema, maana wewe ukisema watasikia kuliko nikisema mimi. Kipima umbali hakipimi upepo, hakipimi pumzi ya mpigaji, wala hakijui kwamba mnyama anajiandaa kugeuka. Kwa nyati sikitumii kabisa: tunamsogelea mpaka chini ya mita 100, na mara nyingi chini ya 60, na mtu anayehitaji mashine kumwambia kuwa nyati yuko karibu hastahili kuwa pale.

Hata hivyo, mzee wangu, naomba uniruhusu nitofautiane nawe kwenye jambo moja. Jicho linadanganyika pale hasa ambapo pofu (mnyama mkubwa wa jamii ya swala) wanapenda kusimama, yaani katikati ya mbuga iliyo wazi isiyo na mti wala kichuguu cha kulinganishia. Pofu ni mkubwa kiasi kwamba jicho lililozoea swala linamwona yuko karibu kuliko alipo. Nimewajaribu wafuata nyayo wazuri sana, watu wanaosoma kwato juu ya jiwe, na mbugani wamekosea kwa mita 80. Walewale ndani ya miombo walikosea kwa mita 10 tu. Ndiyo maana mimi hukitumia chombo hiki kama mwalimu wa jicho: tunapotembea nauliza kila mmoja, "Ule mti ni mita ngapi?", wanakadiria kwa sauti, halafu nabonyeza. Baada ya wiki mbili za safari makadirio yao yanakaribia sana ukweli, nami mwenyewe nimejifunza kwa njia hiyo.

Kazi nyingine ambayo nakipa uzito mkubwa ni kwenye chambo cha chui. Umbali kutoka kwenye kibanda cha kujificha hadi kwenye tawi lenye chambo hupimwa mchana, kwa utulivu, na bunduki inasawazishwa kwa umbali uleule kabla ya mgeni kuingia kibandani. Pale hakuna haraka wala nyasi katikati, na chombo kinatoa huduma yake kamili.

Mchangiaji kutoka Nanyuki, Kenya:

Salamu kutoka Laikipia. Kwetu uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo sina la kusema kuhusu kuro na pofu wenu. Lakini nafanya kazi na kikosi cha madaktari wa wanyamapori, na kipima umbali cha leza kwetu ni chombo cha kila siku, kwa sababu bunduki ya dati, yaani sindano za kurusha za kulaza wanyama, inayotumia gesi hurekebishwa nguvu yake kulingana na umbali. Ukiweka nguvu ya mita 45 kumbe mnyama yuko 25, sindano itaingia kwa kishindo na kumuumiza. Ukikosea upande wa pili, dati inaangukia miguuni pake na dawa ya gharama kubwa imemwagika mchangani.

Ninachotaka kuwaambia ni kwamba mtazame pia umbali wa chini kabisa ambao kifaa kinaweza kusoma. Vingi haviwezi kusoma chini ya mita 5, na vingine chini ya 10. Pia tazameni jinsi kinavyosoma haraka. Kuna kifaa tulichopewa ambacho kilichukua karibu sekunde nzima kutoa namba, na kwa pundamilia anayetembea, sekunde ni muda mrefu sana. Kile tunachokitumia sasa, ukishikilia kitufe, kinaendelea kusoma mfululizo huku ukimfuata mnyama, na namba inabadilika kadiri anavyosogea.

Mleta uzi:

Ahsante sana, mchango huu umenifurahisha kweli. Huo mpangilio wa kusoma mfululizo nao una faida nyingine kwetu: ukikipitisha kifaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia juu ya mnyama aliye nyuma ya nyasi, namba zinaruka kutoka 90 hadi 210 na kurudi, na hapo unaona kwa macho yako mwenyewe nyasi ziko wapi na mnyama yuko wapi. Kama siku ile ningefanya hivyo, yule kuro asingelala na mguu uliovunjika usiku kucha.

Mchangiaji kutoka Dodoma:

Mkuu, umenishawishi niachane na kile cha laki mbili na nusu. Sasa kuna jamaa anauza kipima umbali kilichotumika, cha kampuni ya Ulaya, cha aina ile iliyounganishwa na darubini ya macho mawili. Bei yake ni nzuri, ila sijui nitakipimaje kabla sijalipa. Nifanye nini?

Mleta uzi:

Aina hiyo ni nzuri sana kwa kazi. Leica ndiyo iliyotoa darubini yenye kipima umbali ndani yake mwaka 1992, chini ya jina Geovid, na leo Swarovski na Zeiss nao wanazitengeneza. Faida yake ni kwamba huhitaji kumwondolea mnyama macho ukitafuta kifaa cha pili mfukoni. Ubaya wake ni bei, uzito, na kwamba kimoja kikiharibika umekosa vyote viwili. Kwa kilichotumika, mwombe muuzaji akupe jioni moja, na asipokubali uachane naye.

Nenda mahali ambapo umepima kwa futi ya kamba umbali wa mita 100, na mwingine wa 200 ukiweza. Weka kifaa juu ya kitu kilichotulia, soma mara kumi, na uandike kila namba. Zikipishana kwa mita moja, sawa. Zikipishana kwa tano, mrudishie.

Kisha tafuta nguzo ya umeme iliyosimama peke yake, nyuma yake pakiwa anga tupu. Usiilenge katikati. Anzia pembeni kwenye anga, ambapo kifaa hakitasoma kitu, usogee taratibu huku ukibonyeza, na uangalie nguzo iko wapi ndani ya duara kifaa kinapoanza kutoa namba. Rudia kutoka upande wa pili, halafu kutoka juu ya ncha ya nguzo. Kifaa kilichowahi kuangushwa mara nyingi mwale wake umehama kutoka katikati ya duara, na muuzaji mwenyewe huenda hajui. Ukiona kinasoma nguzo ikiwa nje ya duara upande mmoja, umeshapata jibu lako, maana porini utakuwa unalenga bega na unapima kichaka.

Jaribio la mwisho ni la ng'ombe, na Dodoma hamkosi ng'ombe. Nenda pale mifugo inaporudi jioni, umwombe ruhusa mwenye mifugo kwa heshima na umweleze unachofanya. Vifaa hivi vikiwa vya daraja la kwanza la usalama wa leza (Class 1) havina madhara kwa macho katika matumizi ya kawaida, angalia alama hiyo kwenye lebo, na hata hivyo mimi hulenga ubavu, si uso. Chagua ng'ombe mweusi na mwekundu. Msome kila mmoja kwa mita 100, 200 na 300, kwanza akiwa wazi, kisha akiwa nyuma ya mabua ya mtama au nyasi. Endelea mpaka giza linapoingia, uone namba za ndani zinaanza kukupotea saa ngapi, na yule mweusi anaacha kusomeka kwa umbali gani. Huo umbali wa ng'ombe mweusi, nyuma ya mabua, saa kumi na mbili na nusu jioni, uandike kwa kalamu kwenye karatasi na uubandike ndani ya kifuniko cha mkoba wa kifaa. Mimi nimeandika 230 kwenye changu.